Mnamcheka Nani?

Ndugu yetu aliyetunga shairi la makalio ya dukani katika toleo lililopita alinichekesha, sikatai. Nililisoma kwa sauti barazani kwetu Mtawanya, na wenzangu walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini aje naye asikilize. Vina vimekaa, mizani imetimia, na matusi yamevishwa nguo ya heshima. Lakini nilipofika beti za mwisho, pale mtunzi anapomtolea hukumu yule mwanamke wa Dar es Salaam kwamba aliyeongeza mwili kapunguza akili, nilimkumbuka mama mdogo na kimto chake. Kicheko kikanikwama kooni kama mwiba wa changu. Basi nimeona nisinyamaze. Ubishi ndiyo chumvi ya jarida hili, na mimi naomba kurasa zangu.

Huyo mama mdogo ni wa tumbo moja na mama yangu, na kwetu sisi Wamakonde, tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama, huyo si shangazi wa kutembelewa Idi na Krismasi. Ni mama. Mwaka 2006, nikiwa darasa la pili, alianza kumeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Dawa za bure zilikuwa bado changa, nchini zilianza kutolewa mwaka 2004, na vidonge walivyopewa wengi wakati ule vilikuwa na stavudini ndani yake. Haki yake niiseme kwanza: ilimfufua. Alipelekwa kliniki juu ya baiskeli, kafungwa kanga kiunoni na mwendeshaji ili asidondoke. Msimu wa korosho uliofuata alikuwa mkorosho kwa mkorosho anaokota, anatuimbia na kututukana kama zamani. Yeyote atakayeniambia dawa ile ilikuwa sumu tupu, nitamwonyesha makaburi ya wale ambao haikuwafikia.

Lakini baada ya miaka kama miwili uso wake ukaanza kuondoka. Sijui nisemeje vingine. Mashavu yalibonyea, panja zikaingia ndani, mishipa ikatokeza mikononi na miguuni kama mizizi ya mkoko maji yakitoka. Makalio yakaisha, ikabaki ngozi juu ya mfupa. Ajabu ni kwamba tumbo halikupungua. Lilikuja mbele kana kwamba mafuta yote yamehamia huko kukimbia vita. Alikuwa anakula, ana nguvu, analima. Hakuwa amekonda kwa ugonjwa. Ilikuwa ni stavudini. Dawa hii huharibu vile viungo vidogo vilivyomo ndani ya chembe hai, ambavyo kazi yake ni kugeuza chakula kuwa nguvu, na chembe za mafuta za usoni, mikononi, miguuni na makalioni huumia kuliko nyingine. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliziambia nchi ziache kuitumia kidogo kidogo, zitumie nyingine. Huku mikoani mabadiliko hayakuja kesho yake, na hata yalipokuja, mafuta yaliyokwisha kupotea hurudi polepole sana, au hayarudi.

Sasa fikirini mtaa. Siri ambayo kliniki iliitunza ndani ya faili, uso ukaitangaza sokoni. Mtu alikuwa hahitaji kuuliza; akiona mashavu yale anamminya mwenzake ubavuni: "Huyo kakanyaga miwaya." Mama mdogo akaacha kuuza mihogo kwa sababu wateja walikuwa wakimtazama usoni kabla ya kutazama mihogo. Akaanza kujifunga ushungi wa kufunika mashavu, yeye ambaye zamani ukimwambia ajifunike alikuwa anakuuliza kama umemwoa.

Na kukaa! Hapa ndipo nawataka mnisikilize. Benchi la kliniki lilikuwa la mbao, na foleni ilianza alfajiri ikaisha adhuhuri. Mtu asiye na nyama ya kukalia anakalia mfupa. Akirudi nyumbani alikuwa analala kifudifudi. Mwisho akashona kimto, akakijaza sufi ya msufi ulioko nyuma ya nyumba ya bibi, akakivisha kipande cha kanga kuukuu. Kila aendako kimto kwapani: kliniki, msibani, kwenye mkutano wa kijiji. Watoto wakampa jina la Mama Kigodoro. Mimi nililitumia jina hilo mara moja, mbele ya wenzangu wa shule, akiwa anapita. Alinisikia. Hakusema kitu, na jioni akanipakulia wali kama kawaida.

Vigodoro, wenzangu, ndiyo zile nguo za ndani zenye sponji ambazo mtunzi wetu anazitaja kwa dhihaka katika ubeti wa tatu, akiziweka kundi moja na dawa za mchina na sindano za hospitali. Mama mdogo naye alivaa, pindi alipopata moja ya mtumba. Alivaa harusini, ili gauni lisining'inie. Je, katika shairi lile yupo ubeti wa ngapi?

Siku moja alimwuliza daktari. Kituo sikitaji, na daktari yule sina haja ya kumtafuta. Alikuwa amesikia redioni kwamba Ulaya watu waliopoteza mashavu kwa dawa zile zile wanatolewa mafuta tumboni wanawekewa usoni. Akaona jambo hili lina akili: tumbo analo, tena la ziada, na shavu halipo. Akauliza kama huku kwetu linawezekana, hata kama ni kusubiri miaka. Daktari alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu mzima anavyomcheka mtoto aliyeomba ndege. Akamwambia, "Mama, wewe shukuru unapumua. Hayo ni mambo ya urembo."

Urembo! Nagombana na neno hilo moja. Daktari alilitumia kumfungia mlango mama mdogo. Mtunzi wetu kalitumia kumcheka mwanamke wa Dar es Salaam. Wawili hawa hawajuani, na pengine wakikutana watabishana kuhusu kila kitu kingine, ila mlango waliousukuma ni mmoja.

Mtunzi anasema mambo haya ni ugonjwa wa Wazungu, Mwafrika aliuacha mwili kama Mungu alivyouumba. Bwana, uliwahi kufika Newala? Bibi yangu mzaa mama alitobolewa mdomo wa juu akiwa mwali, akavaa ndonya, akachanjwa nembo mashavuni na kwenye paji la uso, zikasuguliwa mkaa mpaka zikakolea. Iliuma, aliniambia, na hakuna aliyemwambia ashukuru anapumua. Mwanamke asiye na nembo alionekana hajakamilika. Na katika vinyago vyetu kipo cha kiwiliwili, kile ambacho watu wa makumbusho hukiandika njorowe: ubao uliochongwa tumbo la mimba, matiti na kitovu, mwanamume akaujifunga kifuani akacheza na kila mtu akajua mama ameingia uwanjani. Nani aliyewafundisha wazee wale kuongeza mwili? Sisemi turudi kwenye ndonya. Bibi mwenyewe aliivua, na wanawe hakuwatoboa. Nasema tu kwamba hoja ya mwili ulioachwa kama ulivyo isiletwe Mtwara. Hapa haipiti.

Tena basi, hata huko kwa Wazungu kazi hii haikuanzia makalioni. Mwaka 1893, miaka miwili kabla Wajerumani hawajajenga boma la Mikindani, daktari wao mmoja huko kwao, Gustav Neuber, alichukua vipande vidogo vya mafuta mkononi mwa mgonjwa akavipanda usoni, mahali palipobonyea kwa kovu. Ndivyo historia ya upandikizaji wa mafuta inavyoanza kuandikwa: kovu la uso. Mirija ya kunyonya mafuta ilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1970, kwa madaktari wa Italia na Ufaransa, na katika miaka ya 1980 na 1990 Sydney Coleman wa New York akaonyesha namna ya kuyapanda yale yaliyonyonywa ili yaishi. Yaishi, maana mafuta ni kiungo hai. Huyanyonya taratibu kwa mrija mwembamba, huyatenganisha na damu na maji, kisha huyaingiza matone kwa matone, kila tone mahali pake, ili damu ya jirani ilifikie. Ukimimina mengi pamoja ya katikati hufa njaa. Hata kwa fundi mzuri sehemu yake hupotea mwilini katika miezi ya mwanzo, na mara nyingi kazi hurudiwa. Ni kama kupanda mpunga, mche mmoja mmoja. Si kama kumwaga zege.

Na linalofanyika kwa njia hii ni kubwa. Titi lililokatwa kwa saratani hujazwa. Kovu la moto lililokakamaa hulainika, madaktari wengi wameliona hilo, ngozi ikaanza kuvutika tena. Shavu lililozama huinuka. Hapa Mtwara makovu ya moto tunayo ya kutosha. Nendeni mkawaone akina mama wanaobangua korosho nyumbani, wanakaanga kwenye karai juu ya moto, na yale mafuta ya ganda, makali kama tindikali, yanawarukia mikononi na usoni. Korosho inakwenda nje ya nchi ikiwa nyeupe na laini. Mkono uliobangua unabaki.

(Kuna mzee mmoja hapa barazani, nilipomweleza habari ya kunyonya mafuta upande mmoja kujaza upande mwingine, alisema Mtwara tunaijua kazi hiyo, sisi ndio wagonjwa wake wa kwanza: gesi ya Mnazi Bay ilinyonywa kwa bomba mpaka Dar es Salaam mwaka 2015, baada ya watu kupiga kelele mwaka 2013 kwamba gesi haitoki. Nikamwambia hiyo ni makala nyingine. Akasema, ni hiyo hiyo.)

Sasa niwe mkweli, maana anayetetea jambo kwa kuficha ubaya wake anaupa ushindi upande wa pili. Sindano hii inaua. Chini ya ngozi ya makalio kuna msuli, na ndani ya msuli kuna mishipa minene ya damu. Fundi akipitisha mrija ndani mno akautoboa mshipa, mafuta huingia kwenye damu, yakaenda moyoni, yakaziba mapafu, na mtu akafia mezani. Mwaka 2017 kikosi cha madaktari wa Marekani kilichochunguza vifo hivyo kilikadiria kwamba huenda mmoja katika kila 3,000 wanaoongezwa makalio kwa mafuta hufa. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo wa Uingereza kiliwashauri wanachama wake waache kabisa. Mwaka 2022 kikafungua tena kwa masharti: mafuta yabaki juu ya msuli, chini ya ngozi tu, na mrija ufuatiliwe kwa altrasaundi. Na majirani zetu Nairobi, Oktoba 2024, walimpoteza mwanamke aliyefariki baada ya upasuaji wa kunyonya mafuta katika kliniki ya binafsi, na kliniki hiyo ikafungwa.

Mtunzi atasema, haya, si ndiyo niliyosema? Hapana, ndugu. Wewe ulimcheka aliyelala mezani. Hukumwuliza aliyeshika mrija kasomea wapi, nani alimpa leseni, chumba chake kina oksijeni au kina maua ya plastiki. Na aibu unayomwaga wewe kwa vina ndiyo inayompeleka mtu kwa fundi wa kichochoroni. Anayeogopa kuchekwa haulizi maswali. Haendi na dada yake. Hasemi nyumbani anakwenda wapi, na mambo yakiharibika hakuna anayejua wa kumpigia simu. Wale waliojipaka na kujidunga dawa za mchina zisizo na jina wala tarehe, mnadhani hawakujua kuna hospitali? Hospitali inaandika jina lako kitabuni.

Mwaka 2023 Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili, ilitangaza huduma za upasuaji rekebishi na wa urembo. Ndani ya tangazo la namna hiyo kuna mengi ya kuuliza: makovu, matiti, ngozi iliyovutika. Lakini mitaani lilifika neno moja tu, makalio, likafika na vichekesho vyake, na sisi waandishi vijana tukalidaka kama mpira. Nani kati yetu alipiga simu kuuliza kama mwanamke aliyeungua uso Tandahimba anaweza kupelekwa kule kwa barua ya rufaa? Mimi sikupiga. Nilicheka, kama nilivyocheka barazani juzi.

Swali langu ni foleni. Mkono wa daktari ni ule ule, mrija ni ule ule, na anayejifunza kujaza shavu la mgonjwa hujifunzia kazi hiyo hiyo wanayoilipia matajiri. Mbrazili Ivo Pitanguy, aliyewapasua matajiri wa dunia, alikuwa miongoni mwa walioshinda usiku na mchana kuwatibu walioungua kwenye sarakasi ya Niterói mwezi Desemba 1961, na kwa miaka mingi aliendesha wodi ya watu wasio na fedha katika hospitali ya Santa Casa mjini Rio de Janeiro. Sisemi alikuwa malaika. Nasema alijua kuwa ufundi huu hauna milango miwili. Kwetu tunataka ujio wa ufundi huu uwe na mlango mmoja tu, wa fedha taslimu, na wengine tubaki nje tukimtungia mashairi anayeingia.

Kusini sasa tuna hospitali ya rufaa ya kanda, ile ya Mitengo, iliyozinduliwa mwaka 2023. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka huo huo. Basi ningependa, wenye kalamu, tuanze kuuliza kwa sauti kubwa kama ile ya shairi: kovu la moto linalozuia mtoto kufumba jicho litaandikwa ugonjwa au urembo? Shavu lililoliwa na dawa ambayo serikali yenyewe ilimpa mtu litaandikwa nini? Wagonjwa wa stavudini hawakujiongezea wala kujipunguzia kitu. Walimeza walichopewa, kwa saa walizopangiwa, bila kukosa, na wakapongezwa kwa utii wao. Kama hospitali ilivunja kitu katika kuokoa uhai, na haikuwa na njia nyingine, sawa. Lakini basi mtu akirudi kuomba kilichovunjika kitengenezwe asichekwe kama kaomba hereni.

Najua nitajibiwa kwamba nchi maskini ina mambo ya kwanza: malaria, akina mama wanaokufa kwa uzazi, maji. Jibu hili nimelisikia tangu nikiwa mdogo, na kila mara linatolewa na mtu mwenye mashavu. Mama mdogo hakuomba atangulizwe mbele ya mjamzito. Aliuliza kama kuna foleni ili asimame mwishoni mwake. Akaambiwa foleni hiyo haipo kwa watu kama yeye.

Bado yupo, alhamdulillahi. Tangu walipombadilishia dawa kwenye zile mpya zenye dolutegraviri amenenepa, mabega yamejaa, mikono imekuwa ya mama wa nyumbani hasa. Mashavu hayajarudi. Ana meno mawili pengo siku hizi, kwa hiyo anasema hata akijaziwa sasa atakuwa kama chewa aliyevutwa kutoka majini. Nilimsomea makala hii kabla sijaituma. Hakuipenda sehemu ya mishipa kama mizizi ya mkoko, akasema nimetia chumvi. Sehemu ya Mama Kigodoro aliniambia niiache kama ilivyo. Kisha akaniuliza kama shairi lile ninalo, nimsomee nalo. Nikasita. Akasema nisome tu.

Nilimsomea lote. Alicheka sana kwenye ubeti wa pili, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Beti za mwisho hakucheka. Alinyanyuka, akachukua kimto chake kwenye mkeka, akakikung'uta vumbi, akasema sufi imeshikana, itabidi aifumue aichambue upya kabla ya Ijumaa kwa sababu kuna maulidi Mikindani na watakaa muda mrefu.